Kifuniko cha Mama Mukubwa

Ukitoka soko la Kasongo ukashika barabara ya kwenda Kabambare, utamsikia Djuma kabla hujamwona. Anaimba. Akichoka kuimba anabishana na redio, na betri za redio zikiisha anawaita wapita njia na kuwauliza wanapika nini leo. Si umbea. Djuma ni fundi wa kusubu sufuria, na anajiona ana haki ya kujua kilichomo ndani ya kila sufuria ya mji huu, kwa sababu nyingi zilizaliwa uani kwake.

Zinazaliwa hivi. Barabara ya Salamabila inakula pikipiki. Pistoni zinakatika, injini zinapasuka kwenye mawe, na Josué, dereva wa moto, ndiyo pikipiki kwa watu wa huku, anayepanda na kushuka njia hiyo kila wiki, anaokota mabaki na kuyaleta kwa gunia. Djuma anayayeyusha juu ya makaa, moto ukipulizwa na feni inayoendeshwa na gurudumu la baiskeli ambalo mkewe Cadette analizungusha kwa mkono huku akilalamika. Kisha anachukua sufuria moja, ile ile siku zote, anaifukia katika sanduku la mchanga wa mtoni, anashindilia mchanga mwingine ndani yake, halafu anaichomoa polepole. Mchanga unabaki na nafasi tupu yenye umbo la sufuria. Anamwaga uji wa moto ule, anasubiri upoe, anabomoa mchanga. Mtoto amezaliwa. Josué akirudi Salamabila anawabeba watoto kadhaa mgongoni mwa pikipiki, kwa akina mama wanaowapikia wachimba dhahabu.

Sufuria ile ya kufukiwa ina jina: Mama Mukubwa. Ilikuwa ya mama yake Djuma, aliyefika nayo Kasongo akiwa bibi arusi, nyuma ya baiskeli. Njiani ilianguka kwenye jiwe la kivuko ikapata kovu chini ya sikio la kushoto, kishimo cha ukubwa wa ukucha. Mama alikwisha kufariki, kovu likabaki, na kwa kuwa mchanga haufichi kitu, kila sufuria ya Djuma inazaliwa na kovu hilo hilo. Kwenye karamu, sufuria zikipangwa mstari, zote zinakutazama kwa kovu moja. Wenyewe wanazitambua kwa uzi wa kitenge waliofunga kwenye sikio, au kwa tone la rangi ya kucha.

Kovu hilo ndilo lililompa Djuma jina. Mama Louise, mpishi mkuu wa karamu zote za Kasongo, za msikitini na za misioni, hapimi maji kwa kikombe. Anamimina mpaka maji yafike kwenye kovu, anatia mchele, basi, na anajua wali ule utatosha watu wangapi. Kwa hiyo hapokei sufuria isiyo ya Djuma. Na kila karamu ikiisha vizuri, anakwangua ukoko wa sufuria ya kwanza, ule wa rangi ya kahawia unaolia mdomoni, anampelekea Djuma ndani ya jani la mgomba. Djuma anaweza kukosa nyama asinune. Akikosa ukoko, mji mzima unajua.

Mwaka jana ulianza kwa mvua, kama kawaida. Mvua ni adui wa kazi ile, maana mchanga ukilowa sana, chuma cha moto kikimwagwa kinaruka na kutema cheche usoni mwa fundi. Djuma alikaa barazani akipiga soga, akila muhogo, akiongeza sifa za sufuria alizokuwa hajazitengeneza. Kiangazi kilipoingia mchanga ukakauka, magunia ya Josué yakafuatana, na gurudumu la baiskeli likazunguka mpaka Cadette akaomba mapumziko kwa kuapa kwa watakatifu wote. Cadette ni wa kwaya ya misioni, mumewe ni wa msikiti; wanachoomba pamoja ni mvua ichelewe.

Katikati ya neema hiyo ikaja harusi ya Sarah-Grâce. Huyu ni mtoto wa marehemu dada yake Djuma, amelelewa nyumbani kwao tangu mdogo, naye alikuwa anaolewa Kabambare. Mjomba gani atamwacha mpwa wake aende ukweni mikono mitupu? Djuma alimsubia sufuria ya zawadi. Aliyachagua mabaki safi peke yake, akaipiga msasa mpaka ikawa kioo, akaizungusha mtaani kwa kisingizio cha kuikausha juani. Watu wakasifu. Naye akawapa nafasi ya kusifu tena.

Siku ya harusi sufuria hazikutosha. Wageni wa Kabambare walikuja wengi kuliko walivyoahidi, na mbuzi walikuwa wanangoja. Ikabidi hata zawadi ya bibi arusi iwekwe motoni. Bado haikutosha. Mama Louise akamtazama Cadette, Cadette akamtazama mumewe.

"Papa Djuma, tumubebe Mama Mukubwa?"

Siku nyingine angekataa. Lakini siku hiyo alikuwa ameshiba sifa, na mwenye kushiba sifa hana ubahili.

"Mubebe tu," akasema. "Leo ni mariaje ya mujukuu wake."

Kifuniko cha Mama Mukubwa hakikwenda. Cadette alikuwa amekitumia kufunikia unga wa maandazi uliokuwa ukiumuka, akakiacha nyumbani.

Harusi ilifana. Wali ulibaki, ukoko ukaja, Djuma akacheza mpaka kiatu kikafunguka. Kuna jambo moja tu halikwenda sawa, na hakuna aliyeliona. Nyuzi za vitenge ziliungua motoni. Moshi wa siku nzima uliwafanya mpya na mzee kuwa weusi sawasawa, kisha wanawake wakawasugua wote kwa majivu na mchanga mpaka wakang'aa sawasawa. Wakafunga mizigo ya bibi arusi kwa haraka, kwa vigelegele na machozi, kwa sababu Josué alikuwa ameshawasha pikipiki. Jioni sufuria moja yenye kovu ikarudi uani kwa Djuma. Akaikamata, akaigeuzageuza.

"Ona namna Mama Mukubwa anarudilia ujana," akamwambia Cadette. Akaifukia kwenye mchanga, kazi ikaendelea.

Hapo ndipo mwaka ulipogeuka.

Dalili ya kwanza ilikuwa vifuniko. Kila sufuria mpya ilipotoka, kifuniko chake kilipwaya, kikitokeza pembeni kama kofia ya kuazima. Djuma alilaumu makaa. Akalaumu pistoni za siku hizi. Mwisho akachukua tupa, akawa anapunguza kila kifuniko ukingoni mpaka kikae. Alipunguza wiki nzima, na nyingine, mikono ikamuuma, wala hakuwahi kujiuliza kwa nini vifuniko vyote vikosee na sufuria zote ziwe na haki. Kumshuku Mama Mukubwa ingekuwa kumshuku mama yake mzazi.

Yakaja Maulidi. Akina mama wa msikitini walikuwa wamenunua kwake sufuria mpya kwa ajili ya siku hiyo. Djuma alikula, akarudi nyumbani, akakaa barazani kungoja ukoko. Jua likashuka. Ukoko haukuja.

Asubuhi akaja Mama Louise mwenyewe, sufuria kichwani, na nyuma yake watu waliojua kwamba Mama Louise akibeba sufuria tupu kuna la kuona.

"Djuma! Nilimimina maji mupaka kwa kovu, sawa siku yote. Wazee wa kutoka Kipangwe wamekula muchuzi mutupu! Mbele ya wageni! Mimi, Louise, nimekosesha watu chakula!"

"Mama Louise, pengine wageni walizidi..."

"Wageni haikuzidi! Sufuria ndjo ilipunguka!" Akaitua chini, akapokea kwa mmoja wa waliomfuata sufuria yake ya zamani, ya Djuma pia, akaitia ile mpya ndani ya ile ya zamani. Ikaingia. Haikukwama hata kidogo. "Unatuibia. Unakata sufuria zetu pole pole, ya kubakia unapeleka Salamabila."

Watu waliona kwa macho yao sufuria mbili zenye kovu moja, moja ndani ya nyingine, na habari hiyo ilifika sokoni kabla Mama Louise hajafika kwake.

Basi ikawa shida. Wateja wakapungua, kisha wakaisha. Josué alirudi kutoka Salamabila na mzigo aliokwenda nao, akasema kwa aibu kwamba wapishi wa kule nao wamegundua, wachimbaji wanalalamika njaa. Watoto wakitumwa dukani walisimama mbele ya karakana kuuliza kama sufuria zake zinauzwa pamoja na kijiko. Lakini hasara haikumchoma Djuma kama neno lile, unatuibia. Alizima redio. Jirani mmoja, kwa kutosikia wimbo, alikuja kumpa pole akidhani kuna msiba.

Cadette ndiye aliyelifumbua fumbo hilo. Alikuwa anataka kufunikia unga wake wa maandazi, akachukua kifuniko cha zamani, na kwa kuwa sufuria ya mchangani ilikuwa karibu, akakijaribu juu yake. Kikacheza. Akakizungusha. Kikacheza tena.

"Papa Djuma, kuja. Hii kifuniko iko ya Mama Mukubwa?"

"Ndjo yake. Alizaliwa nayo."

"Alafu huyu si Mama Mukubwa."

Djuma alikuja na tupa mkononi, tayari kukipunguza. Akatazama. Akapiga magoti, akaipapasa sufuria ndani na nje, na mikono yake ikaitambua: ni ile ya zawadi, ile aliyoizungusha mtaani kutafuta sifa. Papa Marcellin, mzee aliyemfundisha kazi, alikuwa amemkataza jambo moja tu: usifukie mtoto kwenye mchanga. Chuma kikipoa kinajivuta. Mtoto anatoka mdogo kidogo kuliko mama yake, hilo halionekani. Lakini ukimzalisha mtoto, mjukuu ataonekana. Na yeye Djuma alikuwa amewazalisha wajukuu kiangazi kizima, huku akiwakata vifuniko.

Alicheka kwanza, kwa sababu ni Djuma. Kisha akalia.

Kesho yake Kasongo ikaona kioja. Djuma anatembea nyumba kwa nyumba, kifuniko kwapani, akiomba ruhusa ya kukijaribu juu ya sufuria za watu. Ilipo sufuria ambayo kifuniko hiki kitatulia juu yake, ndipo alipo Mama Mukubwa. Alianza na waliokuwa harusini, maana siku ile sufuria zote zilichanganyika, na Kabambare ni mbali. Kila mahali alifika sufuria ikiwa motoni, maana sufuria isiyo motoni alikuwa hana habari nayo, na kila mahali kifuniko kikacheza. Wengine walimfukuza kwa maneno. Lakini ni vigumu kumfukuza mtu aliyefunua chakula chako bila kumwambia akae, ndiyo desturi, na watu wa Kasongo wana hasira lakini desturi hawaiachi. Akala sombe kwa huyu, maharagwe kwa yule, samaki wa Lualaba kwa wa tatu. Akala na kuomba radhi, akaeleza habari ya mchanga na chuma kinachojivuta. Mwisho wa wiki suruali yake ilimbana na Mama Mukubwa hakuonekana.

"Kama unatafuta kula, sema," Mama Louise akamwambia alipofika kwake, bila kutabasamu. Kifuniko kikacheza kwake pia. "Leta sufuria ya kweli, ndjo nitaamini. Maneno siwezi kuipika."

Habari ikaja na Josué, tena bila yeye kujua kwamba ni habari. Alikuwa ametoka Kabambare, akaleta salamu za Sarah-Grâce.

"Anasema hivi: mujomba, aksanti kwa sufuria. Iko na baraka. Hata wageni ikuje namna gani, chakula inaenea watu wote, na mama mukwe anamupenda sababu ya ile."

Djuma alimshika Josué mabega yote mawili. "Weka mafuta kwa moto," akasema. "Tunaenda."

Mvua zilikuwa zimeanza. Njia ya Kabambare wakati wa mvua haina haja ya kuelezwa kwa aliyeipita, na asiyeipita hataamini. Walisukuma pikipiki kuliko walivyoipanda. Djuma alikuwa amejifunga kifuniko mgongoni kwa kamba ya mpira, gunia la pistoni likiwa nyuma yake, maana hakuna fundi anayesafiri bila kidogo cha kufanyia kazi. Kwenye kila kijiji watoto walimkimbilia wakimwita kobe. Alipofika Kabambare alikuwa tope kuanzia nyusi.

Sarah-Grâce alikuwa uani na mama mkwe wake, Marie-Thérèse, mwanamke mnene wa sauti ya upole. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga. Djuma hakusalimu vizuri, Mungu amsamehe. Alifungua kamba, akakiinua kifuniko, akakiweka. Kikashuka mahali pake kwa sauti fupi, twa, kikatulia.

"Mama," akasema Djuma. Hapo akakaa chini kwenye tope na kujifuta macho, akazidi kujipaka.

Walipomwelewa, uso wa Sarah-Grâce ulibadilika. Hakubisha. Alisema tu kwa sauti ndogo, "Mujomba, beba. Iko yako." Lakini Marie-Thérèse, ambaye hakujua lolote la Kasongo, alikuwa anaendelea kusifu: tangu bibi arusi huyu aingie, hakuna mtu wa nyumba hii aliyelala njaa, hata siku shemeji walipokuja wote. Djuma alimtazama mpwa wake, akaona anavyoitazama sufuria, akajisikia mwizi kwa mara ya kwanza tangu aitwe hivyo. Akiichukua, atamwacha binti wa dada yake ukweni na sufuria ya kawaida na baraka iliyopungua. Akiiacha, hana kazi na hana jina.

Alikaa kuwaza mpaka chakula kikaiva. Sarah-Grâce alipoitua sufuria, akaanza kuibandua tope. Kama wanawake wengi wanaopikia kuni, alikuwa ameipaka nje tope jembamba ili masizi yasishike. Ganda la tope likatoka kipande kizima, na Djuma akakiokota, akakipima kati ya vidole. Sufuria yenye tope ilikuwa kubwa kidogo kuliko sufuria isiyo na tope. Kidogo tu. Kama kile kidogo ambacho chuma kinajivuta.

"Sarah-Grâce," akasema, "paka tena. Pole pole, sawa unaipaka siku yote. Na mutafute gurudumu ya kinga mbele ya mvua haijarudi!"

Alisimamisha karakana nyuma ya jiko la watu. Mchanga waliukausha juu ya bati. Akamfukia Mama Mukubwa pamoja na vazi lake la tope, akamchomoa, kisha mchanga wa ndani nao akaupaka tope la unene ule ule, ili sufuria isije ikawa nene tumboni. Josué akavunja pistoni, Sarah-Grâce akazungusha gurudumu la baiskeli, Marie-Thérèse akaomba Mungu kwa sauti, na Djuma akamwaga. Walingoja wote wamechuchumaa. Alipobomoa mchanga, alitoka mtoto mchafu, wa moto bado, kovu chini ya sikio la kushoto.

Djuma akachukua kifuniko. Akakiweka. Twa.

Sarah-Grâce alikwisha kumsafisha Mama Mukubwa, amemfunga ndani ya kitenge kwa safari. Akamkabidhi mjomba wake kwa mikono miwili. Djuma akamshika kidogo, akapitisha kidole kwenye kovu, halafu akamrudisha.

"Bakia naye," akasema. "Mama yangu aliingia kwa ndoa na hii sufuria. Na wewe uliingia nayo. Si wanawake walikosea siku ile, ni yeye mwenyewe alijua njia. Mimi nitabeba huyu wa leo." Akaongeza, kwa kuwa asingeweza kukaa na huzuni muda mrefu, "Lakini wageni wako wakizidi, usiniite."

Kifuniko cha zamani nacho akakiacha. Kilikuwa kimechoka kutembea.

Aliporudi Kasongo, Djuma alisubu kila mvua ilipompa nafasi. Aliwaita wote walionunua wajukuu, akawapokea wajukuu hao, akawayeyusha, akawarudishia sufuria kamili, kila moja ikizaliwa na vazi la tope kwa sababu sasa hamwamini mtu, hata chuma. Cadette alimpaka mama mpya tone kubwa la rangi nyekundu ya kucha kila upande, na ndani pia, akaapa kwamba huyu haendi harusini hata akialikwa kwa jina.

Mama Louise alichukua sufuria zake, akaenda zake. Sikukuu ya Noeli ikapikwa misioni, watu wakaalikwa wa dini zote. Djuma alikula kidogo sana. Akarudi mapema, akakaa barazani, redio imezimwa, macho barabarani.

Jua lilikuwa bado juu alipomwona Mama Louise anakuja mwenyewe, anatembea taratibu, jani la mgomba mikononi. Hakuomba radhi, hiyo si kazi yake. Aliketi kando ya Djuma, akalifungua jani juu ya magoti yake. Ukoko ulikuwa mwingi, wa kahawia, bado una joto.

"Wali ilibakia," akasema.

Djuma akamega, akampa Cadette, akamega tena. Wakatafuna wote watatu, ukoko ukilia mdomoni. Alipomaliza, Djuma akawasha redio na kuanza kubishana nayo.